Busta ya mtoto wa shule: pima kifungio kwanza

Lalamiko linalorudi kila mara kutoka kwa wazazi wa Mbeya na Iringa ni hili: busta, kile kiti cha kumwinua mtoto ili mkanda wa gari umkae sawa, imenunuliwa, mtoto wa miaka saba ameketi, lakini mkanda haufungiki. Kitako cha busta kimekalia kifungio cha mkanda. Magari mengi hapa yamevalishwa kava za siti, na fundi akazipitisha juu ya vifungio vya nyuma, vikazama humo. Mtoto anahangaika, mzazi anawahi kengele ya shule, basi mkanda unaachwa.

Kabla ya rangi na bei, chukua futi kamba. Pima kutoka kifungio hadi mlangoni, bakiza nafasi ya vidole vya mtoto, kisha pima upana wa busta sehemu ya chini. Kama kava imefunika, mwambie fundi akate tundu avitoe vifungio juu. Siti ya katikati yenye mkanda wa kiunoni pekee, kama ilivyo kwenye magari mengi ya zamani, usiweke busta kabisa. Lazima mkanda upite kiunoni na begani.

Ya kwanza kwangu ni Britax Römer Kidfix, na sifichi kwamba naipendelea. Ina mgongo na vikinga vya ubavuni, na mikono ya ISOFIX, ile inayonasa kwenye vyuma vya siti ya gari, inaizuia isiruke ikiwa tupu. Matoleo yenye SecureGuard yana kishikio katikati ya mapaja kinachoubakiza mkanda chini, kwenye nyonga. Hilo ndilo la kulipia. Mifupa ya nyonga ya mtoto haijakomaa kuushika mkanda. Ukipanda tumboni, gari likigonga pale mteremko wa Kitonga nguvu yote inaishia kwenye utumbo na uti wa mgongo. Kidfix i-Size ni ya urefu wa sentimita 100 hadi 150.

Ya pili ni BubbleBum, ya kujaza upepo. Ni nyembamba, inawafaa wanaobanana watatu nyuma. Ila ukiijaza Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, ukashuka Kyela kwenye mita 500 hivi, hewa ya nje inaiminya na inalegea. Ukishapita Tukuyu simama uibonyeze, uongeze pumzi.

Ya tatu, Graco isiyo na mgongo, kwa aliyefika sentimita 125. Hakikisha ile kamba ya kushusha mkanda wa begani ipo.

Mto wa sponji, acha. Unadidimia, mtoto anateleza chini ya mkanda.

Wauzaji wa mitumba wanaudhi kweli. Wanatenganisha mgongo na kitako, wanauza kila kimoja kama kizima, stika ya idhini ya usalama imebanduliwa, na bei inatajwa kwa kukuangalia usoni. Huoni stika yenye E ndani ya duara pamoja na kilo 15–36, au urefu kwa sentimita? Ondoka. Ipo? Funua kitambaa, kagua plastiki na povu jeupe. Ukikuta ufa, usinunue hata kwa bei ya bure.

Busta itoke siku magoti ya mtoto yanapokunjika ukingoni mwa siti huku mgongo umegusa nyuma, mkanda wa chini ukilala mapajani na wa juu ukipita katikati ya mtulinga, na aweze kukaa hivyo mpaka mwisho wa safari.