Walituwashia taa: safari yangu ya kupatwa kwa jua Darjeeling

Mdogo wangu aliyeko Ghuba amenitumia tangazo la safari ya Luxor, ya kwenda kuangalia jua likipatwa Agosti 2, 2027, akiniuliza kama alipe. Tangazo lina picha ya jua jeusi limekaa katikati ya nguzo za hekalu. Nilipoiona tu nikapandwa na hasira niliyodhani imeshaisha. Siku hiyo Luxor jua litapatwa mchana, likiwa karibu kabisa na utosi. Nguzo za hekalu zinaingiaje hapo? Na mimi picha ya namna hiyo ilishanila pesa zangu, ndiyo maana naandika.

Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi Pune. Kupatwa kwa jua kwa Julai 22 ndiko kulikokuwa gumzo la India nzima, maana kivuli cha mwezi kilikuwa kinaanzia upande wa Surat alfajiri, kinapita Bhopal, Varanasi na Patna, kinapanda milimani Darjeeling na Bhutan, kisha kinakata Uchina hadi Shanghai na kuishia Pasifiki. Huko baharini giza lilidumu dakika 6 na sekunde 39, na karne hii yote hakuna litakalolizidi. Sisi tuliochagua kwenda Darjeeling, mji wa milimani kaskazini mashariki mwa India, tulikuwa na dakika tatu na kitu. Dakika tatu zinatosha kabisa. Nilizisubiri kuliko nilivyowahi kusubiri sikukuu yoyote.

Kampuni iliyotuchukua ilikuwa na bango kubwa: jua jeusi lenye taji jeupe pembeni, limetua sawasawa juu ya kilele cha Kanchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani, mita 8,586. Chini yake maneno ya kuapa kwamba tutaona "kama hivi". Tulikuwa wanafunzi watatu kutoka Afrika Mashariki kwenye kundi hilo, na kila mmoja alilipa pesa aliyoilia njaa.

Sasa nisikilizeni. Ukiwa Darjeeling, Kanchenjunga iko kaskazini. Jua la Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, liko mashariki. Kwa saa ile haliwezi kukaa juu ya mlima ule hata dunia ipinduke. Mtu aliyechora bango lile alijua, au hakujali kujua, na sijui lipi baya zaidi. Tena Julai ndiyo kilele cha masika ya huko. Upepo unabeba unyevu wote wa Ghuba ya Bengali, ukigonga milima unaumwaga papo hapo, siku baada ya siku, hadi barabara zinaporomoka. Wenyeji wanaotaka kuonyesha mgeni Kanchenjunga humwambia aje Oktoba au Novemba. Hali ya mawingu kwa njia nzima ya kivuli ilikuwa imeshachambuliwa mapema na Fred Espenak wa NASA na Jay Anderson, mtaalamu wa hali ya hewa wa Kanada, na kila mwenye biashara hii alikuwa na uwezo wa kuisoma. Kwetu sisi hakuna aliyefungua mdomo.

Mengine yalikuwa sawa, siwaonei. Chai sina neno nayo. Kile kigari-moshi kidogo, kinachopanda mlima tangu 1881, ni kizuri kweli. Hoteli ilikuwa na baridi lakini safi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulipelekwa kwenye kilima cha Tiger Hill kwa jipu, gizani, mvua ya rasharasha. Jiko la hoteli halikuwashwa, maana Wahindu wengi hawapiki wala kuonja kitu jua linapokaribia kupatwa, na hilo naliheshimu. Kwetu pia jua likipatwa watu hawakai kama siku zote. Mwenzetu mmoja, binti wa Unguja, alikuja na mkeka wake ili aswali swala ya kupatwa kwa jua palepale mlimani. Kilichonikera ni kwamba kiongozi wa msafara alijua hakutakuwa na chakula na akatuahidi kifungua kinywa cha moto, kisha akakaa kwenye jipu la mbele akila biskuti zake.

Kulipokucha hatukuona mlima. Hatukuona jua. Mawingu yalikuwa juu yetu, na mengine chini yetu bondeni. Watu walisimama wameshika zile miwani za karatasi mikononi, hazina kazi. Nikamwendea kiongozi nikamuuliza kwa adabu kama kuna sehemu ya chini kidogo ambako anga limefunguka, maana dereva wetu, kijana wa milima ileile, alikuwa ameshasema tujaribu kushuka upande wa pili wa kilima. Kiongozi hakuniangalia hata usoni. "Dada, mimi nauza safari, siuzi anga."

Nimeishi na sentensi hiyo miaka yote hii. Bango lako lilikuwa na nini, kama halikuwa anga?

Halafu likaja. Sote tulikuwa tumeelekea mashariki, na giza likatokea nyuma yetu, magharibi. Halikuja polepole kama jioni. Mawingu ya bondeni yalibadilika rangi kuwa ya risasi, kisha bonde likazimika, kisha sisi. Ndege walikuwa wanalia, wakanyamaza. Baridi ilishuka ghafla hadi nikahisi meno. Jua hatukuliona, lakini kivuli cha mwezi kilitukanyaga, na mimi nilianza kulia bila kujua ninalia nini. Binti wa Unguja alikuwa kwenye rakaa, kisimamo kirefu, mikono kifuani.

Ndipo kiongozi akaamuru madereva wawashe taa.

Taa kubwa za majipu, zote, zikatumulika usoni. Kwa ajili ya usalama, alisema, watu wasije wakajikwaa. Hakuna aliyekuwa anatembea! Watu walikuwa wamesimama kimya, wamekabidhiwa dakika tatu za giza ambalo wengine hulifuata kwa kuvuka bahari, na kwa kuwa jua lilikuwa limefichwa na mawingu, giza lile ndilo pekee tulilobakiwa nalo. Akalichukua. Nikakimbilia jipu letu nikamwambia dereva, "Bhaiya (kaka), zima taa, tafadhali zima." Akazima palepale, bila swali. Angalau upande wetu giza likarudi, nikapata muda kidogo, nikaona upeo wa magharibi ukianza kupambazuka huku mashariki bado ni usiku. Mwanga nao ulirudi kutoka kulekule giza lilikotokea.

Haukupita muda, honi. Anapiga honi tupande magari, wakati jua bado limeumwa zaidi ya nusu na mwenzetu hajatoa salamu. Na alipomaliza kupiga honi akamshukia yule dereva mbele ya watu wote, kwa matusi, kwa sababu alizima taa bila ruhusa yake. Mtu mzima, mwenye familia, anatukanwa kama mtoto kwa kuwasikiliza abiria wake. Dereva alisimama ameinamisha kichwa. Niliposema ni mimi niliyemwomba, kiongozi akanijibu kwamba kama sijaridhika niteremke kwa miguu. Barua niliyoandika baadaye kuhusu yote hayo haikujibiwa.

Najua mtu ataniambia mawingu si kosa la kampuni. Sawa. Kule Taregna, karibu na Patna, mahali palipotangazwa kuwa ndipo pazuri kuliko pote India, maelfu walikusanyika na wakafunikwa na mawingu vilevile. Varanasi, kwenye ngazi za mto Ganges, watu waliliona. Anga halina mkataba na mtu. Kwa hiyo suala la kutoliona jua nalisamehe, na kwa kweli hata kutoshuka kilima nalisamehe, maana hakuna anayeweza kuapa kwamba huko chini tungeliona. Taa sizisamehi. Honi siisamehi. Aibu aliyomvisha yule dereva siisamehi kabisa.

Septemba 1, 2016 nilikwenda Rujewa, Mbarali, Tanzania, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi haulizibi lote, pembeni inabaki pete. Kiangazi, anga kavu, jua karibu na adhuhuri, na pete ya moto ikaonekana kamili, watu wa kijiji na wanafunzi na watalii wote pamoja uwanjani wakipokezana miwani. Hakuna aliyetuuzia kilele cha mlima. Lakini niseme ukweli wangu: kipete hakileti usiku. Ilikuwa nzuri, nilishangilia na watu, ila haikunitetemesha kama zile dakika za Darjeeling ambazo jua sikuliona hata kidogo. Hapo ndipo hasira yangu inapochanganyikiwa. Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msiende, safari hizi ni wizi. Sasa nakumbuka lile bonde likizimika na siwezi kuwaambia msiende.

Kwa hiyo, mdogo wangu, Luxor nenda. Agosti kule mawingu ni nadra sana, na giza litazidi dakika sita. Au baki hukohuko karibu yako, Jeddah na Makka zote zimo kwenye njia ya kivuli, hutalipa kampuni hata senti. Ukilipa kampuni, waulize kabla ya kutoa pesa: jua litakuwa upande gani, juu kiasi gani, mwezi huo mawingu huwaje, na asubuhi ile nani ana mamlaka ya kuhamisha magari. Waulize pia taa zitakuwaje. Watakucheka. Uliza hivyohivyo, na wakupe jibu kwa maandishi.

Mimi nimeshaanza kuangalia Machi 20, 2034. Kivuli kinaanzia Atlantiki, kinakatiza Nigeria, Chad, Sudan, Misri na Saudia, na mwisho wake kinafika Himalaya tena, upande wa Kargil, kaskazini mwa India. Machi, siyo Julai, masika ya huko bado yako mbali. Nitakwenda. Nitatafuta gari mwenyewe na dereva wa hukohuko, nitamlipa mkononi, na kiongozi wa msafara hatakuwepo.