Zawadi za Visiwani: Cha Kubeba Hadi Nairobi na Cha Kuacha Dukani

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo meza imejaa: karafuu, vanila, halua, mbuzi ya nazi, sabuni ya mwani na kofia. Vyote vimetoka visiwani, kwetu Kenya kule Lamu, ng'ambo Unguja na Pemba, na mbele zaidi kwenye Bahari ya Hindi. Najua wengi wenu mtapanda ndege pale Wilson kwenda Lamu, wengine mtaelekea Unguja, na swali ni lile lile: nikirudi, nibebe nini?

Mimi nasema beba kilichoota pale au kilichotengenezwa na mikono ya watu wa pale. Yule ndovu wa mti aliyepangwa kwenye meza ya muuzaji ufuoni, kuna uwezekano mkubwa alichongwa Wamunyu, Ukambani. Lile bakuli la jiwe laini lilichongwa Tabaka, Kisii. Ni kazi za fundi hodari, nazithamini sana, lakini utazipata hapa hapa Nairobi, Maasai Market, bila kuzilipia mzigo wa ndege.

Sasa tazameni glasi hizi mbili. Nimetia maji ya kawaida. Hapa namwaga karafuu za pakiti ya kwanza. Mnaona? Baadhi zimezama, nyingine zimesimama wima, kichwa juu. Hizo bado zina mafuta. Za pakiti ya pili hizi hapa, zimelala kifudifudi juu ya maji. Zimekauka mno au zilishakamuliwa, na kwenye pilau hazitakufanyia lolote. Dukani huna glasi, kwa hiyo ibane moja kwa ukucha pale penye kichwa. Ukucha ukibaki mkavu, rudisha. Halafu kagua makonyo, vile vijiti vinavyoshika maua. Makonyo yana kazi yake, Pemba wanayatoa mafuta, lakini yakijaa kwenye pakiti yako umelipa bei ya karafuu kwa vijiti.

Na uulize kama ni za Pemba. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za utawala wa Waomani. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mashamba mengi ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Mwenye duka anayejua mali yake atakwambia zimetoka wapi kabla hujamaliza swali.

Kungumanga nunua nzima, ukiipata na basibasi, ule utando wake mwekundu, ni bora zaidi. Viungo vya unga viache, unga huficha mengi.

Zafarani sasa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Zafarani hailimwi Zanzibar. Ukiuziwa mfuko mnono kwa bei ya chai, ndani mna maua ya mmea mwingine, au nyuzi zilizotiwa rangi. Zafarani yenyewe hutoka nchi kama Iran, Hispania na kule Kashmir, na ni ghali kila mahali duniani. Tia uzi mmoja kwenye maji ya vuguvugu: ya kweli huachia rangi ya manjano polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Inayomwaga wekundu papo hapo, basi si yenyewe.

Vanila hii ni ya Madagascar, ambako mkoa wa Sava kaskazini-mashariki ndio unaojulikana zaidi. Comoro wanalima pia. Naitoa kwenye chupa, naizungusha kidoleni… haivunjiki, inang'aa, na harufu imeshajaa chumba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Kinachouzwa kwenye vichupa vingi vya dukani hapa mjini ni ladha ya kutengenezwa kiwandani. Ganda moja la vanila lina kazi nyuma yake: ua hufunguka siku moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono. Mbinu ya haraka ya kufanya hivyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12. Wakulima wanaitumia mpaka leo. Ndiyo maana sioni bei yake kuwa wizi.

Tufungue halua. Hii ni wanga, sukari, samli na iliki, ikikorogwa kwa saa kadhaa kwenye sufuria kubwa bila fundi kuondoka jikoni. Naibonyeza kwa kijiko: inarudi. Inang'aa, na samli haijajitenga pembeni. Ikiwa samli imetuama chini ya kifungashio, au ukikata unasikia chembe za sukari, fundi aliharakisha moto. Muulize muuzaji imepikwa lini, na uonje kabla hujalipa. Pwani kuonja si aibu, wauzaji wenyewe watakukatia kipande. Ukifika nyumbani usiitie kwenye friji, itakakamaa. Iweke kabatini, imefunikwa, na uile na kahawa chungu, vikombe vile vidogo. Nimeionja hii ya Unguja pamoja na ya Lamu, na mimi naipa Lamu kura kwa sababu iliki yake inasikika mwanzo mpaka mwisho. Ya Unguja ni tamu zaidi na wanangu wanaipenda hiyo.

Kuhusu kufungasha: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Omba karatasi au kikapu cha ukindu, nacho kitabaki kuwa zawadi.

Kitu ambacho watu wa Nairobi hawakifikirii kabisa ni hiki: mbuzi ya nazi, kile kiti cha kukunia, pamoja na kifumbu cha kukamulia tui. Kiti kinakunjika, meno yapo hapa mbele. Kama umezoea tui la mkebe, kuna siku utapika samaki wa kupaka kwa tui la kukuna mwenyewe na utaelewa kwa nini nakisifia. Ila kina chuma chenye makali, kwa hiyo kiende kwenye mzigo wa chini, usipande nacho mkononi ndani ya ndege.

Sabuni ya mwani hii nainunua kwa moyo wote. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bahari ikipata joto, aina ile yenye bei nzuri inaugua na kufa, na mwani mkavu unaouzwa kwa kilo unaleta senti chache. Wanaposaga na kutengeneza sabuni wenyewe, pesa inabaki kijijini. Inatoa povu la kiasi, harufu ya mchaichai, ngozi haikauki. Nunua kwa vikundi vyao ukiweza.

Vya kuacha kabisa: chochote cha gamba la kasa au ng'amba, matumbawe, na makombe makubwa ya baharini. Ng'amba yuko hatarini kutoweka na biashara ya kimataifa ya magamba yake imekatazwa. Ukifika Shelisheli ukatamani ile nazi kubwa ya coco de mer, hakikisha unapewa kibali chake rasmi.

Nimalizie na kofia, maana hii ndiyo inayoulizwa sana kwa ajili ya baba na babu. Kofia ya viua, ya mkono, ya Lamu. Igeuzeni ndani nje: mshono wa ndani ni msafi karibu sawa na wa nje, na kila kitundu kimezungushiwa uzi. Ya mashine ina nyuzi zinazoning'inia ndani na vitundu vinavyolingana mno. Hii inashonwa kwa miezi, inagharimu maelfu ya shilingi, na naomba msimbane mshonaji bei. Mkitaka ya Idi, agizeni mapema. Na mpimeni mzee kichwa kwa uzi kabla ya kusafiri, mkate uzi pale unapokutana na mwende nao, kwa sababu kofia hii haivutiki.