Ulezi wa kitaaluma kwa wanaoongoza jaribio la tiba kwa mara ya kwanza, Chake Chake

Ninayasifu mafunzo haya hasa kwa vikao vya rika, ambamo mtafiti mwenzako anakuwekea mezani fomu ya ridhaa yenye alama ya dole gumba lakini isiyo na saini ya shahidi, nanyi mnaamua pamoja hatua ya kuchukua kabla mkaguzi hajafika. Katika kikao kimoja, mlezi wetu alirejelea jaribio la madini ya chuma kwa watoto wadogo wa Pemba, ambalo vikundi vilivyopewa chuma vilisimamishwa mwaka 2003 kwa ushauri wa kamati inayofuatilia usalama wa washiriki. Kikao hicho peke yake, kwa maoni yangu, kilistahili ada yote. Bajeti, kwa bahati mbaya, ilipitiwa juujuu. Wanaotoka Unguja wajipangie nauli ya boti, kwani haimo katika ada.