Baiskeli au redio ya gari: sanaa ya sauti katika usiku wa Tanga

Anayetaka kusikiliza sanaa ya sauti huku akipita mitaani usiku ana mifano miwili ya kupima. Mwaka 1967, msanii wa sauti Max Neuhaus aliweka mitambo midogo ya kurushia mawimbi ya redio kandokando ya barabara moja ya Buffalo, Marekani, ili kila dereva asikie katika redio ya gari lake mchanganyiko wa sauti uliotegemea njia na mwendo wake. Msanii Kaffe Matthews wa Uingereza alifunga spika kwenye baiskeli pamoja na kifaa cha GPS, ambacho hubadilisha sauti kulingana na mahali mpandaji alipofika.

Kwa Tanga, mji wa baiskeli tangu zamani, naona njia ya pili inafaa zaidi. Ndani ya gari lililofungwa vioo kazi ya msanii hubaki peke yake, na ndani ya bajaji humezwa na injini. Juu ya baiskeli, sauti iliyotungwa huchanganyika na upepo wa bahari pale Raskazone na mazungumzo ya barazani Ngamiani, ambako barabara zilizonyooka na kupewa namba zinarahisisha kuipa kila moja sauti yake.

Redio ina ubora mmoja mkubwa, kwamba msikilizaji hahitaji kifaa kipya, lakini kurusha matangazo kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Spika za baiskeli nazo zipunguzwe karibu na nyumba za waliolala, na visikilizio vya masikioni visitumike kabisa, kwa kuwa mpandaji anapaswa kulisikia lori linalomjia kwa nyuma.