Uzoefu wangu: laki mbili ya kibubu na hotpoti ya mama getini

Zimepita wiki kadhaa lakini hasira bado ninayo, kwa hiyo mnisamehe nikipandisha. Tulienda wikiendi moja kipindi cha likizo kwenye sehemu moja ya watoto kuogelea na kucheza huku huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, watoto wanne, mimi na mama yangu mzazi. Hela niliiweka kwenye kibubu tangu mvua zinaanza, elfu mbili, elfu mbili, siku nikiuza dagaa vizuri pale soko la samaki la Mwaloni natupia tano, mpaka ikatimia laki mbili.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini ulipie maji wakati ziwa lipo mlangoni. Aliyekulia huku hawezi kuuliza hilo. Kichocho. Wale konokono wanaokieneza wanakaa kwenye maji yaliyotulia penye majani, na hapo ndipo watoto wanapopenda kuchezea, mdogo wangu aliharisha damu tukiwa wadogo kule Igombe na mama ndiye aliyehangaika naye. Kwa hiyo bwawa lenye dawa kwangu mimi siyo anasa.

Sasa nilipiga simu kabla, nikaambiwa mtoto elfu kumi, mkubwa elfu tano. Nikapiga hesabu zangu kwenye daftari: kiingilio hamsini, bajaji kwenda na kurudi thelathini, michezo, aiskrimu, chakula tunabeba, na hela ya madaftari inabaki. Tunafika dirishani dada anasema hiyo bei ya katikati ya wiki, leo mtoto kumi na tano mkubwa kumi. Namwambia mbona kwenye simu hamkusema, anajibu "hukuuliza" huku anaangalia simu yake. Elfu thelathini imeondoka hivyo, hata maji hatujayaona! Na mama haogelei, anakaa tu kivulini, analipa sawa na anayeogelea.

Hilo ningelimeza kabisa. Lililonishinda ni la getini.

Mama ana vidonda vya tumbo, hali mafuta wala pilipili. Aliamka alfajiri akachemsha sato na viazi vitamu, akaweka kwenye hotpoti akaifunga na kanga yake kwa fundo lile la wamama wa zamani ambalo halifunguki safarini. Mlinzi, kijana mdogo kabisa angeweza kuwa mjukuu wake, hakusema shikamoo, akavuta fundo akashindwa, akalivuta kwa nguvu mpaka kanga ikachanika pindo. Akafungua mfuniko, akainamisha pua, akasema "wewe bibi, vyakula vya nje haviingii." Mama akamwambia taratibu, mwanangu mimi ni mgonjwa, siwezi kula vya hapa. Kijana akaichukua ile hotpoti akaenda kuiweka chini pembeni ya pipa la taka, juani, mfuniko mahali pengine. Nikaomba aniitie bosi wake, akasema bosi hayupo, kama hatutaki turudi nyumbani. Kurudi vipi na watoto wameshavaa bangili za karatasi, na hela imeandikwa hairudishwi!

Mama akanishika mkono, "Mayu, basi," yaani "mama" kwa Kisukuma chetu, ndivyo anavyoniita. Nikanyamaza kwa ajili yake yeye.

Ndani ndiyo kabisa. Mtoto hagusi maji bila nguo ya kuogelea, bukta haikubaliki, kukodi elfu tatu kila kichwa. Chipsi kuku elfu kumi na mbili sahani, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini sato wa mama alikuwa tishio. Maji ya chupa ndogo elfu mbili. Mama akanywa maji na biskuti kavu mpaka jioni, alikuwa amejikunja anashika tumbo, na mimi hata elfu tatu ya yule wa mwisho apande mnara wa kurukia siwezi kuitoa. Ilibaki elfu tisa na bajaji ya kurudi ni kumi na tano. Nikamtumia kaka ujumbe anirushie hela.

Sasa niseme haki pia. Maji yalikuwa masafi, unaona mpaka chini. Kijana anayelinda bwawa, Mungu ambariki, aliingia mwenyewe kumshika binti yangu wa pili aliyeogopa ule mtelezo, akamrudisha mara tatu mpaka akashuka peke yake anapiga kelele za furaha. Sijawahi kumwona mwanangu vile. Kwa hilo nilitaka kusema nendeni, ila pigeni simu mtaje na siku yenyewe, muulize mkubwa asiyeogelea analipaje, nguo, na chakula cha mgonjwa, na hela ya kurudia mfiche kwenye laini nyingine.

Lakini hapana. Nikikumbuka lile pipa nasema hapana. Tulishawahi kwenda kisiwa cha Saanane, boti pale Capri Point dakika chache tu umefika, hifadhi ya taifa hiyo tangu 2013 japo ndogo kuliko zote nchini, hata kilomita tatu za mraba haifikishi. Hakuna mtelezo kule. Mama alikaa juu ya jiwe akila viazi vyake anaangalia pimbi, na askari akamsalimia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu" akamshika mkono kwenye kushuka. Watoto wanataka maji, sawa, wataniuliza sana. Labda mwakani nikiwa nao peke yao, sijui. Na mama siendi naye tena pale.

Jioni tunatoka nikaifuata hotpoti. Sisimizi wamejaa, sato amechacha, mfuniko haupo. Yule kijana ameshabadilishana zamu, wa pili anasema yeye hajui kitu. Ile hotpoti mama alipewa na marehemu baba. Kama kuna anayefanya kazi pale na anasoma hapa, mfuniko ni wa bluu, una ufa mdogo kwenye kishikio. Niko tayari kuufuata.