Waliniziba jino vizuri, wakaniaibisha mbele za watu

Bado nina hasira, mnisamehe. Mwaka jana, masika hivi, jino langu la mbele lilimeguka kwa mfupa wa samaki, kuhe. Kliniki moja hapa Mwanga, Kigoma, wakaniziba kwa ile dawa nyeupe inayogandishwa kwa taa ya bluu. Kazi ilikuwa safi, nasema kweli. Binti yangu alinichungulia mdomoni asijue kilichozibwa ni kipi. Niliwasifia kwa kila mtu.

Miezi kadhaa ikapita, siku moja najitazama kwenye kioo naona mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi, umezunguka pale jino linapokutana na dawa. Haukupita muda, pote palipozibwa pakawa na rangi ya chai ya rangi, meno ya jirani meupe.

Nikarudi. Daktari hakunikalisha hata kwenye kiti. Alisimama mlangoni, watu wamejaa kwenye benchi, akasema kwa sauti, "Mama, hilo si letu. Piga mswaki." Nikamwambia napiga asubuhi, mchana na usiku. Akageukia simu yake. Mimi nina wajukuu! Na kwenye lile benchi walikuwepo wateja wangu wawili.

Wateja, ndiyo, maana nauza juisi ya ukwaju. Kila sufuria lazima nionje, naongeza sukari, naonja tena, kutwa nzima. Pale kliniki hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya kazi gani wala nakunywa nini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata rangi yenyewe.

Daktari mwingine ndiye aliyeuliza, tena kabla hata sijafungua mdomo vizuri. Akanieleza kuwa asidi ya ukwaju, ya ndimu, ya soda, inalainisha uso wa ile dawa. Uso ukishaacha kuteleza na ukaingia mikwaruzo, rangi ya chai na kahawa inanasa humo. Na kuonja kidogo kidogo kutwa ni kubaya kuliko kunywa glasi moja na chakula, kwa sababu mate hayapati nafasi ya kupunguza ukali. Mimi nikishaonja nilikuwa nakimbilia mswaki, nikidhani nalinda jino. Kumbe nasugua kitu kikiwa kimelainika! Akasema nisukutue kwa maji kwanza, mswaki nisubiri kama dakika 30.

Kule kwa kwanza, mhudumu alitaka nilipie dawa ya kung'arisha meno. Huyu akasema ingeng'arisha meno yangu tu, palipozibwa pangebaki vilevile na tofauti ingezidi. Akapasugua kwa kifaa kidogo kinachozunguka, rangi ya juu ikatoka. Ule uzi wa pembeni umebaki kidogo.

Nilikaa niandike msiende kabisa kule kwa kwanza. Lakini haki ni haki, lile jino halijalegea hata chembe, mkono wa yule daktari ni mzuri. Basi nendeni. Hapana, hapana, siwezi kumtuma mtu akaaibishwe vile. Kama lazima, nendeni mkazibwe, na kabla hamjashuka kwenye kiti mwambieni wenyewe mnachokunywa.

Juzi msichana wa mapokezi wa pale alikuja kununua juisi. Hakunikumbuka. Nilimpimia, nikampa na maji ya kusukutulia.