TAHADHARI: Swichi za moduli zilizotumika, msiuziwe boksi na feni kama mimi

Wakuu, nimepigwa. Naandika ili mwingine asiingie.

Nilikuwa natafuta Cisco Catalyst 4507R+E iliyotumika, swichi (mashine ya kuunganisha vifaa vya mtandao) yenye nafasi za kuchomeka kadi, ya mteja mwenye simu za mezani na kamera zinazokula umeme kupitia kebo ya mtandao. Nikampata muuzaji mtandaoni. Picha safi, bei ya kuchekelea, na mashine inaonekana imejaa, hakuna nafasi iliyo wazi. Nikatuma hela kwa simu, kesho yake mzigo ukaja na bajaji.

Nawasha, feni zinavuma kama mashine ya kukoboa, taa za poti (matundu ya kebo za mtandao) zote kimya. Nikachukua kebo ya konsoli, ile ya kuongea na swichi kutoka kwenye kompyuta, nikapiga tochi mbele yote kutafuta pa kuichomeka. Hakuna. Jasho likanitoka, maana tundu la konsoli liko kwenye supavaiza, kadi kuu inayoendesha swichi nzima. 4507R+E ina nafasi saba, na ya tatu na ya nne ni za supavaiza tu. Zangu zimezibwa na vibati, vile vya kuongoza hewa. Bila supavaiza hizo kadi nyingine ni mapambo.

Nikampigia. "Bosi wangu, soma tangazo, nimeandika chasisi kamili. Supavaiza inauzwa kando." Chasisi ni boksi tupu, kamili ya nini sasa? Na bei ya hiyo supavaiza ilizidi niliyolipia boksi zima.

Nikaendelea kukagua. Pawa saplai ni ya wati 1400, nikajua angalau hapo nimepona. Wapi! Ile ya 1400 inalisha mashine yenyewe tu, haipeleki umeme kwenye poti. Ya wati 1300, namba ndogo zaidi, ndiyo inayopeleka. Na kama mna mbili, ziwe aina moja. Ukichanganya, moja haifanyi kazi.

Kadi nazo tulikubaliana ziwe 4748, zimekuja 4548. Kwa macho ni zilezile, poti 48 za kasi ya giga moja kwa sekunde. Ila 4548 inapitisha giga 6 tu kwenda kwenye supavaiza, yaani poti nane zinagombania njia ya poti moja. 4748 ina giga 48 zake. Jina limeandikwa usoni mwa kadi, ndiyo maana picha zake zote zilipigwa kwa mbali.

Kabla ya kutuma hata mia, dai video mashine ikiwaka, aandike amri za `show module`, `show power` na `show inventory` ukiona, kisha asogeze kamera kwenye lebo mlinganishe namba tambulishi (serial number) za kila kipande na zile za kwenye skrini. Akisema hana kebo ya konsoli, achana naye.

Mimi kaniahidi kunirudishia nusu ya hela nikimpelekea mzigo. Nimeupeleka, hii wiki ya tatu nasubiri. Jana kapandisha tangazo jipya, picha ileile. Mkikutana nayo ikuzeni, tazameni nafasi mbili za katikati.